Sare ya polisi: ya kupendeza au ya kufanyia kazi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na askari wenyewe, maofisa ugavi, mafundi cherehani wenye zabuni za sare, na wananchi wanaotaka kujua kwa nini afande kavaa hivi na si vile. Mifano mingi ni ya Kenya na Tanzania. Ya kwingine imeletwa pale inapofundisha jambo.

Je, muonekano wa sare una kazi yoyote, au ni pambo tu?

Una kazi kubwa. Sare humtambulisha mvaaji kutoka mbali: huyu ni polisi, unaweza kumkimbilia, na akikusimamisha unasimama. Polisi wa London walipoundwa mwaka 1829, Robert Peel aliwavika koti la buluu kwa makusudi, kwa kuwa jeshi la Uingereza lilivaa nyekundu na watu hawakutaka kuona wanajeshi mitaani mwao. Lakini tazama vitu vingine katika sare ileile. Kofia yao ndefu iliimarishwa kiasi kwamba askari aliweza kuikanyaga na kuchungulia juu ya ukuta, na shingoni alivaa ukanda wa ngozi ili asikabwe. Muonekano na matumizi vilishonwa pamoja tangu mwanzo.

Mji wa Menlo Park, California, ulijaribu njia nyingine mwaka 1969. Askari walivuliwa sare wakavaa koti la kijani la kiraia, ili wananchi wawaone kama watu wa kawaida. Kufikia mwaka 1977 mji ulikuwa umerudi kwenye sare ya kawaida, kwa sababu koti lile halikuwapa askari heshima waliyoihitaji kazini. Kwa hiyo anayesema "muonekano hauna maana" anakosea, sawa na anayesema kwamba ndio kila kitu.

Kwa nini sare inayopendeza siku ya uzinduzi huchukiwa baada ya mwezi mmoja?

Kwa sababu ilichaguliwa ikiwa mwilini mwa mtu aliyesimama mguu sawa. Kazini hakuna mguu sawa. Kuna kupanda difenda, kuchuchumaa kukagua chini ya gari, kuruka mtaro na kukaa lindo kwa muda wa saa 12. Sare ijaribiwe hivi kabla ya zabuni kusainiwa, mkanda ukiwa na vifaa vyote:

Inua mikono yote miwili juu kama unayesimamisha magari. Shati likichomoka kiunoni, mkia wake ni mfupi. Unatakiwa kufika chini ya makalio. Likikubana kwapani na kuvuta mwili mzima wa shati juu, tundu la mkono limekatwa chini mno. Wengi hudhani tundu kubwa ndilo linalompa mtu nafasi, kumbe ni kinyume chake.

Chuchumaa hadi mwisho. Suruali ikikaza mapajani, msamba hauna kipande cha ziada. Fundi anaongeza kipande chenye umbo la almasi pale mishono minne inapokutana, na mshono wenyewe uwe wa kukunja mara mbili kama wa jinzi, mishono 3 hadi 4 kwa kila sentimita. Suruali nyingi za askari hupasukia hapo, na chanzo huwa mkato mbaya kuliko kitambaa kibovu.

Weka mguu mmoja juu ya kitu chenye kimo cha sentimita 60 hivi, kisha jipandishe. Halafu kaa kwenye kiti cha gari dakika 20. Mwisho, kimbia mita 100. Chochote ulichokishikilia kwa mkono ili kisidondoke kimewekwa mahali pabaya.

Rangi ipi inafaa zaidi: kaki, buluu au nyeupe?

Inategemea vumbi, jua na nani unataka akuone. Kaki, ambayo jina lake lenyewe linatokana na neno la Kiajemi lenye maana ya vumbi, huficha uchafu wa barabara na hupata joto kidogo juani kuliko rangi nzito. Buluu nzito huficha mafuta na damu, lakini vumbi jekundu huonekana juu yake mara moja na jua huipausha mabegani.

Kenya ilizindua sare mpya ya buluu Septemba 2018 kwa askari wa kazi za kawaida, wakati wa kuwaunganisha Polisi wa Kenya na sehemu kubwa ya Polisi wa Utawala. Kuunganisha vikosi kwa rangi moja ni sababu nzuri, kwa kuwa mwananchi hahitaji tena kukisia nani ni nani. Ila kila rangi ya buluu inamdai mnunuzi jambo moja: rangi isichuje. Kwa kipimo cha kimataifa, uimara wa rangi dhidi ya mwanga hupewa alama 1 hadi 8, na uimara katika kufua alama 1 hadi 5. Sare ya nchi yenye jua kama letu isikubaliwe chini ya 5 kwa mwanga na 4 kwa kufua.

Huna maabara? Shonea kipande cha pamba nyeupe cha sentimita 10 kwa 4 juu ya kitambaa, kifue nusu saa kwenye maji ya moto yenye sabuni, kisha tazama kile cheupe. Kikibeba rangi, sare itapauka. Kwa kusinyaa, chora mraba wa sentimita 50 kila upande, fua mara tano, kausha, upime. Kila sentimita iliyopotea ni asilimia 2, na zaidi ya hapo rudisha mzigo.

Kuna kosa jingine linaloharibu muonekano hata kitambaa kikiwa kizuri. Mabunda mawili ya rangi "moja" hayafanani kamwe. Shati likikatwa mgongo kwenye bunda hili na mikono kwenye lile, askari atatoka na nguo ya viraka. Sehemu zote za vazi moja zitoke kwenye bunda moja, na namba ya bunda iandikwe kwenye lebo.

Trafiki anavaa nyeupe. Je, haitoshi usiku?

Haitoshi, na hili tunalisisitiza kwa sababu ni suala la uhai.

Mchana, nyeupe ya trafiki wa Tanzania inaonekana vizuri juu ya lami. Usiku hesabu inabadilika. Gari la kilomita 80 kwa saa husafiri mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kushtuka, mita 33 zimekwisha. Breki nzuri kwenye lami kavu zinataka nyingine 35. Jumla ni mita 68, na taa za chini za gari humulika vizuri mita 40 hadi 60 tu. Nguo nyeupe hutawanya mwanga kila upande. Tepe ya kuakisi hurudisha mwanga kulekule ulikotoka, yaani machoni mwa dereva, na humfikia akiwa bado mbali sana.

Kwa hiyo kizibao cha kuakisi kivaliwe juu ya nyeupe. Kiwango cha kimataifa cha nguo za kuonekana kwa mbali, EN ISO 20471, kinadai, kwa daraja la 2, mita za mraba 0.50 za kitambaa cha rangi kali na 0.13 za tepe. Daraja la 3 ni 0.80 na 0.20. Rangi kali ya njano au chungwa hufanya kazi mchana na magharibi, kwa kuwa hugeuza miale ya jua isiyoonekana kuwa mwanga unaoonekana. Gizani haina nguvu hiyo, inabaki tepe peke yake. Tepe kwenye vifundo vya mikono na miguu husaidia sana, kwani dereva akiona vitu vinavyosogea kama viungo hutambua mara moja kuwa huyo ni mtu.

Kizibao kiwe cha kuachia: mabega mawili, mbavu mbili na kifua, vyote vikishikwa kwa mkanda wa kunata (velkro). Kioo cha daladala kikikinasa, kibaki na gari na askari abaki barabarani salama. Tepe haipigwi pasi, na lebo husema inastahimili kufuliwa mara ngapi. Kizibao kilichofubaa kinampa askari imani ya uongo, kwa hiyo kitolewe.

Kitambaa gani kinafaa?

Kwa kazi ya kila siku, mchanganyiko wa poliesta 65 na pamba 35, gramu 200 hadi 240 kwa mita ya mraba kwa suruali na chini ya hapo kwa shati. Poliesta hushika umbo na rangi, pamba hunyonya jasho. Kitambaa kilichofumwa kwa vijisanduku vidogo hupasuka polepole kuliko cha kawaida, kwa sababu mpasuko hukwama kwenye uzi mnene.

Vikosi vya kutuliza ghasia ni habari nyingine. Poliesta ikishika moto huyeyuka na kugandamana na ngozi. Anayeweza kurushiwa chupa ya petroli avae pamba nzito, sufu au kitambaa kilichotengenezwa kustahimili moto, mpaka nguo za ndani. Muuzaji akikuambia "hii ni pamba tupu", chomoa nyuzi chache uziwashe juu ya sinia la bati. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Poliesta hujikunja na kuacha kidonge cheusi kigumu.

Kutia wanga na kupiga pasi kali kunaharibu sare?

Wanga huziba matundu ya hewa na kuvunja nyuzi pale penye mstari wa pasi. Ndiyo maana suruali za wapenda wanga hukatika gotini na kwenye mkunjo kabla hazijachakaa kwingine. Tia wanga sare ya gwaride, acha ya kazi. Mstari wa suruali ya kazi unaweza kushonwa kwa mshono mwembamba ndani, ukadumu bila pasi. Ule mng'ao mbaya wa matakoni na mifukoni ni poliesta iliyounguzwa: weka kitambaa chenye unyevu kati ya pasi na nguo, hasa kwa pasi ya mkaa isiyo na kipimo cha joto. Geuza ndani nje unapofua, anika kivulini, na jiki isiguse sare ya rangi wala tepe za kuakisi.

Mkanda wa vifaa unaniumiza kiuno. Nifanye nini?

Kwanza uuweke kwenye mizani. Bastola iliyojaa ni karibu gramu 900, magazini mbili za akiba kama 560, pingu 300, redio 450, rungu 500, tochi 300, na mkanda wenyewe na pochi zake kama kilo moja. Unatembea na kilo 4, yaani pakiti mbili za unga zimefungwa nyongani kutwa nzima.

Mkanda mpana wa sentimita 5 au zaidi, mgumu, juu ya mkanda mwembamba wa suruali, ukifungwa pamoja kwa vishikio vinne, hugawa uzito. Mkanda laini hukunjika na uzito wote huangukia mfupa wa nyonga. Usiweke kitu chochote kigumu katikati ya mgongo, pingu hasa. Ukianguka chali zinagonga uti wa mgongo, na ukikaa garini zinakusukuma mbele hadi kiuno kinauma. Zisogeze upana wa kiganja kando. Vitu vizito vigawanywe kushoto na kulia, na mfuko wa nyuma wa suruali ubaki mtupu, maana pochi nene ya pesa hugandamiza mshipa wa fahamu unaopita makalioni.

Kama kikosi kinaruhusu, hamishia redio, tochi na pingu kwenye kizibao cha kubebea vifaa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Eau Claire, Marekani, uliofanywa pamoja na polisi wa mji wa Eau Claire, ulionyesha askari waliovaa vizibao hivyo walikuwa na maumivu machache ya nyonga na kiuno kuliko wa mkanda. Wakuu wengi hukataa kwa hoja kwamba kizibao kinamfanya askari aonekane mwanajeshi. Hoja ni ya haki, na dawa yake ni nyepesi: kishonwe kwa kitambaa na rangi ileile ya shati, neno POLISI mbele na nyuma, pochi chache zilizolala bapa.

Na sisi tunaobeba bunduki ndefu?

Hili ndilo swali la askari wengi wa kwetu, na miongozo mingi ya kigeni haifiki hata karibu yake. AK yenye magazini iliyojaa ni takriban kilo 4, G3 inazidi hapo. Mkanda wa bunduki wa gwaride hukazwa kandokando ya bunduki ili yote ionekane nyoofu. Kazini, bunduki iliyoning'inizwa bega moja huteleza kila unapoinama, na unapomfunga mtu pingu kwa mikono miwili inakuja mbele, karibu kabisa na mikono ya yule unayemkamata.

Tumia mkanda unaofungwa sehemu mbili, mbele na kwenye kitako, wenye bizimu ya kurefusha na kufupisha kwa mvuto mmoja. Pitisha kichwa na mkono mmoja ndani yake, ukae bega moja na kwapa la upande wa pili. Ukiwa macho, bunduki ilale kifuani mtutu ukielekea chini. Kabla ya kumshika mtu, isukume mgongoni kisha kaza mkanda mpaka isicheze, mwenzako akisimama kando. Upana wa mkanda usipungue sentimita 3. Kamba nyembamba hukata shingo ndani ya saa moja.

Fulana ya kuzuia risasi: nikiivaa niko salama?

Dhidi ya kile ilichopimiwa tu. Fulana laini ya daraja IIIA, kwa kiwango cha NIJ (Taasisi ya Taifa ya Haki ya Marekani), huzuia risasi za bastola. Risasi ya AK itapenya. Kwa bunduki unahitaji bamba gumu la daraja III au IV, ambalo kila moja lina uzito wa kilo 2.5 hadi 3.5. Toleo jipya la kiwango hicho, la mwaka 2023, limebadilisha majina: HG1 na HG2 ni za bastola, RF1 hadi RF3 za bunduki. Soma lebo iliyo kwenye pedi yenyewe ndani ya kava. Maandishi ya nje hushonwa na yeyote. Helmeti ya ghasia yenye kioo huzuia mawe na marungu, haizuii risasi hata moja.

Ukubwa ndio unaokosewa zaidi. Ukiwa umekaa, ncha ya chini ya pedi ya mbele iache vidole viwili au vitatu juu ya mkanda. Ikigusa mkanda, itakupanda kooni kila ukiingia garini, nawe utaanza kuilegeza, na fulana iliyolegea huacha mbavu wazi. Ncha ya juu ifike kwenye kishimo kilicho chini ya koo. Mbavuni, pedi ya mbele ipande juu ya ya nyuma kama sentimita 5.

Fulana iliyobana sana ili shati likae vizuri huzuia pumzi. Kwa joto la Mombasa au Dar es Salaam, vaa chini yake fulana nyepesi inayosafirisha jasho, na kunywa robo lita ya maji kila dakika 15 hadi 20 kama unafanya kazi juani, bila kuzidi lita 1.4 kwa saa.

Toa pedi, kava ifuliwe peke yake. Pedi hupanguswa kwa kitambaa chenye maji na sabuni laini, haitumbukizwi majini, haianikwi juani, haitiwi klorini. Ilazwe bapa, ukiining'iniza kwa mikanda yake kwenye msumari, pedi hukunjika na kushuka ndani ya kava. Bamba la kauri lililoanguka sakafuni liondolewe kazini hadi likaguliwe, kwani ufa hauonekani chini ya kitambaa. Tena usihukumu kwa macho: mwaka 2005 NIJ ilisitisha vibali vya fulana za nyuzi za Zylon, kwa sababu zilidhoofika upesi kuliko ilivyotarajiwa huku zikionekana nzima. Fulana nyingi hupewa dhamana ya miaka 5, na tarehe ya kutengenezwa iko kwenye lebo.

Je, mwanamke avae sare ya mwanaume iliyopunguzwa?

Hapana. Suruali ya kiume ikimtosha nyonga inampwaya kiunoni, kwa hiyo mkanda wa kilo 4 unateleza na hukazwa hadi unamchubua. Fulana ya kuzuia risasi iliyo bapa huinuka kifuani na kuacha pengo kwapani, mahali pabaya kuliko pote. Achukuliwe vipimo akiwa amevaa sidiria ya kazini, isiyo na waya. Sketi ibaki ya gwaride na ofisini. Huwezi kupanda difenda kwa heshima ukiwa umeivaa. Mwenye hijabu apewe ya vipande vinavyoshikwa kwa vibonyezo, bila pini, ili ikivutwa iachie.

Buti linang'aa kama kioo lakini miguu inaoza. Kwa nini?

Kiwi iliyorundikwa tabaka juu ya tabaka huziba ngozi. Jasho halitoki, na pale buti linapokunjika mng'ao hupasuka na maji huingia. Ng'arisha ncha ya mbele na kisigino tu, kwa kiwi kidogo na matone ya maji, ukizungusha kitambaa. Sehemu inayokunjika ipake krimu laini, uiache ipumue.

Jaribu buti jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, ukiwa na soksi za kazi. Mbele ibaki sentimita 1 hadi 1.5. Uwe na jozi mbili za kupokezana, kwa sababu buti lililolowa jasho linataka siku nzima kukauka. Likilowa mvua, jaza magazeti, usilisogeze motoni.

Soli za poliyurethani humumunyuka zikikaa stoo miaka mingi kwenye unyevu. Buti jipya kabisa huachia soli siku ya kwanza ya doria. Ofisa ugavi, angalia tarehe ya kutengenezwa kabla ya kupokea mzigo, na kunja buti kwa nguvu: soli ikitoa vijinyufa au ungaunga, usisaini.

Tai, kamba ya filimbi na nyota za chuma viondolewe?

Kwa gwaride vibaki, vinapendeza. Doria, tai iwe ya kubana kolani, inayotoka ikivutwa. Kamba ya filimbi iwe na kiungio cha kuachia. Nyota na tepe za cheo ziwe za kitambaa, maana pini za chuma huchoma bega chini ya mkanda wa fulana.

Jina na namba lazima vionekane hata juu ya fulana ya kuzuia risasi?

Ndiyo. Nchini Kenya, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, Jedwali la Sita, inataka sare iwe na jina au namba ya askari mahali panapoonekana wazi. Shida ni kwamba jina hushonwa kwenye shati, kisha fulana au koti la mvua likalifunika. Kila tabaka la nje liwe na sehemu ya kunatisha jina, upande uleule wa kifua, herufi zisizopungua sentimita 2 na rangi inayopingana na kitambaa. Askari aandaliwe bamba la jina moja la kuhamisha pamoja na moja la akiba, kwa sababu mkanda wa kunata uliojaa vumbi huachia. Usafishe kwa mswaki mkavu kila wiki.

Fedha haitoshi sare mbili. Tuanze na ipi?

Ya kazi: jozi tatu za shati na suruali, jozi mbili za buti, kizibao cha kuakisi. Ya gwaride inaweza kukaa kituoni, kwa saizi mbalimbali, ikaazimwa na kurudishwa imefuliwa. Kabla ya kuagiza, wape askari wa vituo vitatu tofauti, pwani, mlimani na mjini, wavae sampuli kwa miezi mitatu, kisha kusanya nguo zenyewe na uzikague mishono, magoti na kola. Sampuli iliyokubaliwa ifungwe kwa lakiri, ibaki kwa mnunuzi, na kila mzigo ulinganishwe nayo kabla ya malipo.